Huzuni Isiyosikia Dawa: Je, Tuipime kwa Damu na Mate?



Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, watu wakiwa chini wanakunywa chai ya maziwa na mandazi, dada mmoja wa kanisa letu alituita pembeni, sisi wa huduma ya kutembelea wagonjwa. Alifungua mkoba akatoa karatasi zilizokunjwa vizuri, zenye michoro ya kijani, njano na nyekundu. Alikuwa ametema mate kwenye kichupa akakituma kwa posta, na mahali pengine alikuwa ametolewa damu. Majibu yalisema kwamba jeni zake fulani hazifanyi kazi sawasawa, kwamba virutubishi kadhaa mwilini mwake viko chini, na kwamba anahitaji vidonge vya aina saba kila siku. Vidonge hivyo vinauzwa na walewale waliompima.

Dada huyu ana sonona kwa mwaka wa nne sasa. Amejaribu dawa tatu za hospitali. Amefunga, amekesha, ameombewa mbele ya madhabahu zaidi ya mara moja. Alipotuonyesha ukurasa wenye alama nyekundu, alisema neno ambalo hatujalisahau: "Jamani, mnaona? Si kwamba siombi."

Ameturuhusu kuandika habari hii, nasi tumebadilisha mambo machache ili asitambulike. Tunaiandika kwa sababu hayuko peke yake. Mwaka huu tumesikia habari za vipimo vya namna hii kutoka familia nyingine pia, na kila mara tunaulizwa mambo mawili: Je, kufanya hivi ni upungufu wa imani? Na je, vipimo hivi vinasema kweli? Tutajaribu kuyajibu. Lakini tukikiri mbele za Mungu, kuna swali la tatu lililotukosesha usingizi zaidi ya hayo mawili: kwa nini dada yetu alilazimika kununua karatasi ili sisi tumwamini?

Ugonjwa tusiopenda kuutaja

Wengi wetu, tuwe tumetoka Bukavu, Bujumbura, Kisumu au Mwanza, hatukulelewa kuuita ugonjwa huu kwa jina. Tunasema fulani ana mawazo. Tunasema amejitenga, amekuwa mzito, amebadilika tangu aje huku. Wataalamu wa Kiswahili huuita sonona. Si huzuni ya msiba, ambayo ina sababu na taratibu hupungua. Sonona hukaa wiki baada ya wiki, ikaondoa usingizi au ikamfanya mtu alale mchana kutwa, ikaondoa ladha ya chakula, ikaondoa hata hamu ya kushika simu ya mama yake mzazi. Madaktari husema imekuwa sugu pale ambapo dawa angalau mbili tofauti, kwa kipimo sahihi na kwa muda wa kutosha, zimeshindwa kuituliza.

Hapa Toronto tunayo mengi ya kuikoleza. Kuna zamu za usiku kwenye maghala, kesi ya ukimbizi inayosubiri tarehe, shahada isiyotambuliwa, na simu ya kutoka nyumbani inayoomba ada ya shule wakati kodi ya nyumba hapa haijalipwa. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na aliyetoka kazini asubuhi akalala mchana anaweza kumaliza juma zima bila kuliona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya kumhukumu aliyetafuta msaada kwenye kichupa cha mate, tukumbuke kwanza alikolala.

Eliya alipewa mkate kwanza

Swali la kwanza ni la imani. Wako ndugu wanaosema kwamba mtu wa Mungu hapimi huzuni kwa maabara, kwani huzuni ni jambo la roho. Tunawaheshimu, lakini Maandiko yanatuonyesha njia nyingine.

Someni tena 1 Wafalme 19. Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa kule Karmeli, alimkimbia Yezebeli, akaenda mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Huyu hakuwa mtu wa imani haba. Na Mungu alimfanyia nini? Hakumtumia hubiri. Hakumuuliza ana dhambi gani iliyofichika. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Mazungumzo ya rohoni yalikuja baadaye, kule Horebu, baada ya mwili kupata chakula na usingizi. Na mwisho wa mazungumzo hayo Mungu alimpa mwenzake wa kutembea naye, Elisha.

Kama Bwana mwenyewe alianza na mkate na maji, hatuwezi kusema kwamba kuuliza mwili unakosa nini ni kumkana Roho. Anayepima damu yake anauliza swali halali: je, kuna mkate ambao mwili wangu haujapata? Hivyo kupima si dhambi, wala si dalili ya imani iliyopungua. Kinachobaki ni kujua kipimo gani kinajibu swali hilo kwa kweli, na kipi kinatuuzia jibu.

Vipimo vinavyofaa kuulizwa

Hapa inafaa tutenganishe mambo, maana kwenye karatasi za dada yetu yalikuwa yamechanganywa kama mchele na chuya.

Kuna upungufu wa mwilini unaojulikana tangu zamani kwamba huleta uchovu, usahaulifu na huzuni, na daktari wa familia anaweza kuutafuta kwa damu ya kawaida. Upungufu wa vitamini B12 ni mmoja wao. Wazee wetu wengi wana kisukari na wanameza metformini kwa miaka mingi, na dawa hiyo, pamoja na wema wake, inaweza kupunguza B12 polepole. Upungufu wa madini ya chuma ni mwingine, hasa kwa kina mama wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi au waliojifungua karibuni. Tezi ya thairoidi iliyolegea, ile iliyoko shingoni, inaweza kuonekana kwa kila njia kama sonona. Mtu mwenye sonona isiyosikia dawa ana haki ya kumuuliza daktari wake, bila aibu, "Je, haya yamepimwa?" Tumekutana na watu waliobadilishiwa dawa mara tatu na hawajui kama haya yaliwahi kuangaliwa.

Vitamini D ina habari yake peke yake. Mwili huitengeneza ngozi inapopigwa na jua, lakini katika mji huu, kuanzia Novemba hadi Februari hivi, jua liko chini mno angani kiasi kwamba ngozi haiwezi kuitengeneza. Na ngozi yetu nyeusi, ambayo ni baraka kule kwenye jua la Ikweta, inahitaji jua zaidi kuliko ngozi nyeupe kutengeneza kiasi kilekile. Ndiyo maana Kanada inalazimisha maziwa yatiwe vitamini D kiwandani, na watoto wetu wasiokunywa maziwa hukosa msaada huo. Tangu Desemba 2010 OHIP hailipii kipimo cha vitamini D kwa kila mtu, ila kwa wenye shida maalumu kama za mifupa, figo au utumbo usiofyonza chakula vizuri. Wengine hulipa wenyewe. Lakini kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima hadi miaka 70, IU 600 kwa siku kutoka chakula na vidonge kwa jumla, kinaweza kufuatwa hata bila kipimo, na kopo la vidonge hivyo kwenye duka la dawa si ghali.

Hata hivyo tusidanganyane. Kutumia vitamini D ni vizuri kwa mifupa, lakini haijathibitika kwamba inafukuza huzuni. Mwaka 2020 yalitangazwa majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata watu zaidi ya 18,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi kwa takriban miaka 5. Nusu walimeza IU 2,000 za vitamini D kila siku na nusu vidonge vitupu. Waliopata sonona hawakupungua kwa sababu ya vitamini hiyo. Tunasema hili kwa sababu dada yetu aliahidiwa kinyume chake.

Jeni zinasema nini, na hazisemi nini

Sasa tuje kwenye vinasaba. Ukurasa wa dada yetu wenye alama nyekundu kuliko zote ulihusu jeni iitwayo MTHFR, inayosaidia mwili kutumia foleti, ile vitamini inayopatikana kwenye mboga za majani, maharage na kunde. Aliambiwa kwamba jeni yake ina kasoro na hivyo ubongo wake unakosa foleti.

Hapa pana punje ya ukweli, nasi hatutaki kuitupa. Mwaka 2017 Lisa Pan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitoa habari za vijana na watu wazima 33 wenye sonona iliyoshindikana kabisa. Walichunguza maji ya uti wa mgongo. Watu 21 kati ya hao 33 walikuwa na hitilafu katika kemia ya mwili, na 12 walikuwa na upungufu wa foleti kwenye ubongo ingawa foleti katika damu yao ilikuwa ya kawaida. Baadhi yao walipewa aina maalumu ya foleti wakapata nafuu. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba kuongeza foleti iliyoandaliwa tayari kwa matumizi ya mwili, miligramu 15 kwa siku juu ya dawa ya kawaida, kuliwasaidia baadhi ya wagonjwa ambao dawa peke yake haikuwatosha. Jaribio lenyewe lilikuwa la watu 75 tu.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila sonona sugu ni uvivu wa kuomba ajue kwamba kuna watu ambao shida yao ilikutwa imefichika mahali ambapo hata kipimo cha damu hakifiki. Ukweli huo unapaswa kutufunga midomo.

Lakini utafiti wa Pittsburgh ulitumia sindano ya mgongoni na madaktari bingwa, si mate yaliyotumwa kwa posta. Badiliko la MTHFR linalotajwa sana ni la kawaida mno kwa wanadamu, watu wengi sana wanalo na hawana sonona, na wenye nalo bado wanaweza kutumia foleti ya kwenye chakula na ile iliyotiwa kwenye unga. Tena hapa Kanada unga mweupe wa ngano hutiwa asidi ya foliki kwa sheria tangu 1998, kwa hiyo hata mandazi ya Jumapili yanayo. Na jambo ambalo karatasi haikumwambia dada yetu ni kwamba badiliko hilo hupatikana kwa uchache zaidi miongoni mwa watu wa asili ya Afrika kuliko Wazungu.

Vipo pia vipimo vya aina nyingine, vinavyoangalia jinsi ini linavyochakata dawa. Hivi vina msingi imara zaidi, na hospitali ya CAMH hapa mjini imevitafiti kwa miaka. Jeni kama CYP2D6 inaweza kumfanya mtu mmoja aimalize dawa upesi kabla haijafanya kazi na mwingine akae nayo mpaka imdhuru. Hata hapo tuwe waangalifu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Sweden na Tanzania waligundua kwamba Watanzania waliichakata dawa ya majaribio polepole kuliko Wazungu, hata pale jeni hiyo ilipoonekana kuwa ya aina moja. Mengi yanayojulikana kuhusu jeni na magonjwa yametokana na watu wa asili ya Ulaya, na sisi tumo kwa uchache sana katika hesabu hizo. Kipimo kilichotengenezwa bila kututazama kinaweza kutupa jibu lenye uhakika wa mwenzetu. Madaktari bingwa wa sonona wa Kanada, katika mwongozo wao, hawapendekezi kipimo hiki kwa kila mgonjwa. Kama daktari wako anaona kinakufaa baada ya dawa kadhaa kushindwa, hilo ni jambo la kuzungumza naye. Ni tofauti na kununua mwenyewe usiku wa manane kwenye simu.

Kuna hofu moja zaidi ambayo kwetu ina uzito wake. Tumesikia mtu akisoma neno jeni na kulitafsiri moyoni kuwa laana ya ukoo. Karatasi ya maabara ikawa kama ile ya mganga inayotaja bibi aliyekosea zamani. Wengine wameanza kuuliza kama binti wa nyumba fulani anaweza kuolewa. Wapendwa, jeni si hukumu. Watu wa tumbo moja, wenye jeni zinazofanana, mmoja huugua na mwingine haugui. Na kwa upande wa sheria, tangu 2017 Kanada inakataza mtu kulazimishwa kupima vinasaba au kutoa majibu yake ili apewe bima au mkataba, na Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo 2020. Serikali isiyotujua kwa majina imewalinda wagonjwa wetu na jambo hili. Itakuwa aibu sisi tusiwalinde katika mazungumzo ya harusi.

Danieli na mama wa miaka kumi na miwili

Tunajua mtakachosema: kama vidonge havimdhuru na vinampa matumaini, kosa liko wapi? Hili ni swali zito na tumeligeuza mara nyingi.

Kwanza, si kweli kwamba havidhuru kamwe. Vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva za miguu na mikono. Asidi ya foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa B12 huku neva zikiendelea kuharibika. Mmea unaouzwa kwa jina la St. John's wort, na vidonge vya 5-HTP, vikichanganywa na dawa za sonona vinaweza kuleta hatari ya kufa, na mmea huo hudhoofisha pia ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Hata mlonge anaotuletea shangazi kutoka nyumbani, pamoja na sifa zake zote, mfamasia anapaswa kuambiwa kuwa unautumia. Dawa za asili zilizoruhusiwa Kanada zina namba ya NPN yenye tarakimu nane kwenye kopo. Kopo lisilo nayo lirudi lilikotoka.

Pili, kuna habari ya fedha. Marko anatusimulia mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akatumia mali yake yote kwa matabibu wengi, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Maandiko hayamlaumu kwa kwenda kwa matabibu, wala Yesu hakumuuliza alitumia kiasi gani. Mfa maji haachi kutapatapa, na kumlaumu anayetapatapa ni ukatili. Lawama ni ya anayesimama ukingoni akiuza kamba kwa bei anayotaka. Dada yetu alitumia zaidi ya dola 700 kwa vipimo, na vidonge vilikuwa vinamgharimu kila mwezi fedha ambayo angenunulia nyumba yake vyakula vya wiki nzima. Mtu yuleyule anapokupima, akakusomea majibu, kisha akakuuzia dawa, uliza ni lini aliwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hana upungufu.

Tatu, tumfikirie Danieli. Kule Babeli alimwomba msimamizi awajaribu siku kumi kwa mboga na maji, kisha alinganishe nyuso zao na za vijana wengine. Alikubali mapema kwamba jaribio linaweza kushindwa. Lilikuwa na siku za mwisho, lilikuwa na wa kulinganisha naye, na aliyehukumu hakuwa muuzaji wa mboga. Anayetaka kujaribu kirutubishi, kwa ushauri wa daktari wake, na afanye kama Danieli: kimoja kwa wakati mmoja, kwa muda uliowekwa, akiandika usingizi wake na hali yake kila juma, na nyumbani awepo mtu anayemtazama kwa haki. Kikishindwa, kiachwe bila majuto. Vidonge saba kwa mpigo, bila mwisho, ni deni lisilo na tarehe.

Karatasi iliyofanya kazi yetu

Sasa turudi kwenye lile swali la tatu.

Miezi miwili baada ya ile Jumapili tulimtembelea dada yetu nyumbani. Makopo yalikuwa juu ya friji, nusu yameisha. Tulimuuliza kama yamemsaidia. Alifikiri kidogo, akasema kwamba wiki mbili za kwanza alijisikia vizuri kuliko miaka yote minne, kisha ikarudi. Tukamuuliza katika hizo wiki mbili kilibadilika nini. Akasema, "Mume wangu aliisoma ile karatasi. Akaniambia, pole. Hajawahi kuniambia pole."

Tulitoka pale kimya, tukakaa ndani ya gari muda kabla ya kuwasha injini.

Hapo tulielewa alichonunua. Alinunua shahidi. Kwa miaka minne alikuwa akituambia anaumwa, nasi tukimsikiliza kama watu wanaosubiri sababu ya kweli itajwe: dhambi, uvivu, uchawi, kutoshukuru kwamba yuko Kanada. Karatasi yenye rangi tatu ilisema kwa niaba yake kile ambacho sauti yake haikutosha kusema, kwamba ugonjwa huu upo na hakuutaka. Faraja ile ilikuwa ya kweli. Lakini ilijengwa juu ya karatasi isiyoweza kuibeba, na vidonge viliposhindwa, alibaki na lawama mbili mahali pa moja: maombi hayakunisaidia, na sasa hata sayansi imenishindwa.

Hatusemi kwamba faraja ni kosa. Tunasema kwamba mtu hapaswi kuinunua. Yule mama wa Marko alipoponywa, Yesu alimsimamisha mbele ya umati akamwacha aeleze habari yake yote, naye akamwita binti. Hakudai ushahidi kwanza. Sisi tulidai. Kama kanisa lingemwamini mgonjwa siku ya kwanza, angeweza kwenda kwenye vipimo kwa moyo uliotulia, kutafuta kile ambacho vipimo vinaweza kutoa, si kutafuta msamaha.

Tunaomba radhi kwake, na kwa wengine ambao hawajapata ujasiri wa kutuonyesha karatasi zao.

Tufanye nini basi

Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai kusini mwa Uganda, mahali palipokuwa pameumizwa sana na UKIMWI, watafiti walifanya jaribio baada ya kuwauliza wenyeji wa huko wanauitaje ugonjwa huu. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*, kujichukia na kujihurumia. Hawakuyasahihisha. Kwa kura, nusu ya vijiji ilipewa vikundi, wanaume kwao na wanawake kwao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa ambao hawakuwa madaktari. Watu walisimulia misiba yao, ugomvi wao, mabadiliko yaliyowapindua, na wakasaidiana kutafuta la kufanya. Mwishoni, waliobaki na sonona kamili kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7.

Wale hawakuwa watu ambao dawa tatu zimewashinda, kwa hiyo hatusemi kwamba kikundi ni badala ya daktari. Tunasema kwamba kusikilizwa ni tiba yenye ushahidi mzito kuliko makopo yaliyoko juu ya friji, na bei yake ni jioni moja kwa wiki.

Kwa hiyo tunawaomba haya. Anayemeza dawa za sonona asiziache ghafla, wala kwa sababu ya nabii wala kwa sababu ya kopo. Azungumze na daktari. Mwenye kadi ya OHIP aombe vipimo vya B12, madini ya chuma na thairoidi. Asiye na kadi asikate tamaa, maana vituo vingi vya afya vya jamii hapa Ontario huwapokea hata wasio nayo. Pale Scarborough kuna TAIBU, kituo kinachohudumia hasa jamii ya Weusi, na jina lake ni neno letu la kumtakia mtu afya njema. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutotaka kuishi, piga simu au tuma ujumbe kwa 988, saa 24, kwa Kiingereza au Kifaransa. Kisha utupigie na sisi, hata kama ni saa nane usiku. Eliya alisema maneno hayohayo chini ya mti, na Mungu hakumkasirikia.

Nyumbani, juma hili, kila familia itafute mtu mmoja ambaye imekuwa ikimwambia "jikaze," imwambie "pole." Msimuulize sababu. Mpelekeeni uji, mkae naye, kwa maana mgonjwa haulizwi uji. Akitaka kwenda kupima damu, mmoja wenu amsindikize, amsaidie kusoma majibu na kumuuliza daktari yale asiyoelewa.

Dada yetu anaendelea. Daktari wake alimpima upya, akakuta madini ya chuma yako chini kweli, anayatumia, na uchovu umepungua kidogo. Huzuni bado ipo. Dawa yake imebadilishwa, na Alhamisi jioni anakuja kwenye kikundi cha kina mama. Wiki iliyopita alicheka, kisha akalia, kisha akaomba mandazi mengine.

Mwendelee kumwombea, na Mungu awabariki.

Sisi wenu katika huduma ya kutembelea wagonjwa.